Gari la kitufe na betri isiyo na mdomo

Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali hii nimeifundisha darasani kwa miaka mingi, nikawatungia wanafunzi mitihani kwayo na kusahihisha insha zao kwa wino mwekundu. Hata hivyo nakiri, msomaji mpenzi, kwamba maana yake sikuielewa barabara hadi usiku mmoja wa kiangazi nje kidogo ya mji wa Kakuma, pale gari langu mwenyewe liliponipa somo ambalo sikuliomba.

Siandiki haya kwa kutafuta huruma, wala kwa kumlaumu mtu. Lawama ni yangu, na nitaieleza jinsi ilivyo. Naandika kwa kuwa hapa Turkana, na bila shaka katika pembe nyingine nyingi za nchi yetu, magari yanayowashwa kwa kubonyeza kitufe yanazidi kuongezeka, ilhali wengi wetu tunaoyaendesha hatujui kitufe hicho hufanya nini tunapokibonyeza bila kuwasha injini. Kutojua huko kulikaribia kuyagharimu maisha ya mama mkwe wangu.

Nilipofika Lodwar kwa mara ya kwanza kufundisha, gari dogo lilikuwa kitu cha kushangaza. Barabara ya kutoka Kitale, ile iliyojengwa kwa msaada wa Norway kabla ya serikali yetu kuvunja uhusiano na nchi hiyo mwaka 1990, ilikuwa imeanza kuliwa na jua na mchanga. Aliyetaka kwenda Kakuma alipanda lori, au alibahatisha nafasi katika magari makubwa ya mashirika ya misaada yaliyofurika huku tangu mwaka 1992, kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa kuwapokea vijana waliokimbia vita vya Sudan. Kilomita 120 hivi za kutoka Lodwar hadi Kakuma zilikula nusu siku, na laga zikijaa zilikula siku mbili.

Siku hizi lami mpya imefika. Safari imekuwa ya saa mbili hivi, na pamoja na lami yamekuja magari madogo ambayo zamani yasingethubutu kuuonja mchanga wa Turkana. Mengi ya magari haya ni mitumba ya Japani. Sheria yetu hairuhusu kuingiza nchini gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane, na kwa hiyo yanayoshuka bandarini Mombasa ni yale yaliyoundwa baada ya kitufe kuchukua mahali pa ufunguo. Nami, baada ya kuweka akiba kwa miaka, nilinunua moja. Muuzaji alinikabidhi rimoti ndogo ya kutia mfukoni, akanionyesha mahali pa kukanyaga na mahali pa kubonyeza, akanitakia safari njema. Kitabu cha maelezo kilikuwemo ndani ya gari, tena kinene, lakini kimeandikwa Kijapani kuanzia jalada hadi jalada.

Gari lenyewe nalo huzungumza. Kila unapoliwasha, sauti nyororo ya mwanamke husema sentensi moja ya Kijapani. Kwa miezi kadhaa tuliamini kwamba inatuamkia. Watoto mtaani waliikariri wakawa wanasalimiana kwayo. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba anachosema dada yule ni kwamba kadi ya kulipia ushuru wa barabara haijaingizwa mahali pake. Barabara anazozisema ni barabara kuu za Japani. Alikuwa akitudai ushuru wa nchi nyingine kila asubuhi, na sisi tukimwitikia kwa tabasamu.

Naitaja sauti hiyo kwa sababu ina uhusiano na kisa changu. Gari lililokuwa na maneno mengi kuhusu ushuru wa mbali halikuwa na neno hata moja la kuniambia kuhusu betri yake.

Nyumbani kwa wakwe zangu ni mwendo mfupi kutoka mjini Kakuma, karibu na Laga Tarach, mahali penye vichaka vya mathenge na migunga michache. Umeme haujafika. Jambo hili la umeme lina kejeli yake. Bwawa la Turkwel, lenye uwezo wa megawati 106, lilikamilika mwaka 1991 kwenye mto uleule unaopita Lodwar, lakini nguvu zake zilivutwa hadi Lessos, huku mji wa Lodwar wenyewe ukitegemea jenereta za dizeli kwa miaka mingi. Ng'ambo ya ziwa, huko Loiyangalani katika kaunti jirani ya Marsabit, mitambo 365 ya upepo ilizinduliwa mwaka 2019. Mradi huo una jina la Ziwa Turkana, ila waya zake huelekea Suswa. Mwenye kisima hunywa mwisho.

Kwa hiyo gari linapofika bomani jioni, haliji kama chombo cha usafiri tu. Linakuja kama kituo cha umeme. Kabla sijashuka, watoto walikuwa wamekwisha kusimama mlangoni na simu mikononi, na waya za kuchajia zikining'inia kama mikia ya panya. Na asidhani msomaji kwamba simu hizo ni za anasa. Tangu mwaka 2007 simu imekuwa pochi ya Mkenya. Kambini Kakuma ilikuwa zaidi ya pochi, kwani mwaka 2015 Shirika la Chakula Duniani lilianza kuwatumia wakimbizi sehemu ya msaada wao kwa njia ya simu, katika mpango ulioitwa Bamba Chakula. Katika mazingira kama hayo, simu ikizimika, duka limefungwa na benki imefungwa.

Nilifurahi kuwa na kitu cha kuwapa wakwe zangu. Nilikuwa na kidude kile cha kuchomeka katika soketi ya gari kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa matumizi ya nyumbani, nikaunganisha waya wenye matundu mengi, simu zikapangwa kwenye viti kama vifaranga. Nilibonyeza kitufe mara moja bila kukanyaga breki. Redio iliimba, taa ndogo ya rangi ya chungwa ikawaka kwenye kitufe, na injini ikabaki imelala.

Usiku ulipoingia joto halikupungua. Vijana walitaka kusikiliza mechi ya ligi ya Uingereza, nao wakagundua kwamba ukibonyeza kitufe mara ya pili, dashibodi yote inang'aa na feni inaanza kupuliza. Waliingia watano, wakafunga milango, wakajipepea.

Shemeji yangu, mtu aliyechunga mbuzi tangu utotoni na ambaye hakupata kwenda shule, alisimama kando ya gari akaniuliza, "Mwalimu, huu umeme hautaisha?"

"Shemeji, injini imezimwa," nilimjibu. "Mafuta hayatumiki. Hakuna kinacholiwa hapa."

Alitikisa kichwa kwa heshima, akaenda zake. Jibu hilo nililitoa kwa sauti ya mtu aliyesoma. Nimelikumbuka mara nyingi tangu siku hiyo.

Mechi ilikwisha, vijana wakaendelea na muziki hadi kama saa saba ya usiku, kisha kila mtu akatafuta mkeka. Hapakuwa na dalili yoyote ya hatari. Redio haikukwama wala taa hazikufifia, na yule dada wa Kijapani hakusema lolote.

Saa tisa ya usiku tuliamshwa na ukelele. Mama mkwe alikuwa ametoka nje akakanyaga nyoka karibu na uzio. Alikuwa ameumwa juu ya kifundo cha mguu. Msomaji wa mijini pengine hajui, lakini huku kwetu kuumwa na nyoka si hadithi ya kutishia watoto. Watu hulala nje kwa sababu ya joto, nyoka naye hutoka kuwinda wakati uleule. Dawa ya sumu hiyo hupatikana hospitalini, si nyumbani, na kila dakika ina thamani.

Nilimwambia mke wangu asimruhusu mama kutembea. Nikakimbilia gari. Nilikanyaga breki, nikabonyeza kitufe. Dashibodi iliwaka kidogo, ikatetemeka, na chini ya boneti nikasikia sauti kavu ya ta-ta-ta-ta kama kucha juu ya bati. Nilibonyeza tena. Safari hii hata sauti hiyo haikuja. Nikabonyeza mara ya tatu, ya nne, ya tano. Mtu aliyepotewa na akili hubonyeza tu.

"Tusukume!" vijana walisema. Waliweka mabega nyuma ya gari. Lakini gari la gia za kujiendesha si kama matatu ya zamani. Halina klachi ya kuachia likishika mwendo, na lilikuwa limefungwa kwenye P kiasi kwamba bila umeme hata mkono wa gia haukusogea. Tulikuwa na wanaume saba, barabara ya lami umbali wa kilomita chache, tangi la mafuta likiwa nusu, na hatukuweza kuusogeza mzigo huo hatua moja. Mama mkwe alikuwa amelazwa mkekani, mguu ukivimba. Hakupiga kelele tena. Kwa desturi za ukwe sikuweza kumkaribia, na nafikiri usiku ule hata desturi zisingekuwepo, nisingethubutu kumtazama usoni.

Aliyetuokoa ni kijana wa bodaboda wa kijiji cha jirani. Shemeji alimpigia simu, naye akaja akipiga honi gizani. Stata ya pikipiki yake ilikuwa imekufa siku nyingi, hivyo aliiwasha kwa kupiga kiki. Mama aliketishwa katikati, mwanawe akamshikilia nyuma, wakaondoka. Alipata matibabu kabla hakujakucha, akalazwa siku kadhaa, akarudi nyumbani akichechemea lakini akiwa hai. Tunamshukuru Mungu, na tunawashukuru wauguzi waliompokea.

Haki inanitaka niongeze jambo moja. Simu ambayo shemeji alimpigia kijana wa bodaboda ilikuwa imechajiwa usiku uleule na betri yangu. Kwa hiyo siwezi kusimama hapa nikahubiri kwamba tusiwagawie majirani umeme wa gari. Umeme ule uliita msaada. Kosa halikuwa katika kugawa. Nilikosa kwa kugawa bila kujua kiasi nilichokuwa nacho. Mali bila daftari huisha bila habari.

Asubuhi lori la makaa lilipita, dereva wake akawa na waya za kuazimia moto, gari likanguruma kana kwamba halikufanya lolote. Nilirudi Lodwar, nikaenda moja kwa moja kwa fundi wa umeme wa magari. Kumbe fundi mwenyewe ni kijana niliyemfundisha zamani.

"Mwalimu," aliniambia baada ya kupima betri, "fikiria mtungi wa maji. Redio ni mtoto mwenye kikombe. Simu ni mtoto mwingine mwenye kikombe. Feni ni mbuzi. Lakini stata ni ngamia. Ngamia hanywi kwa kikombe. Ukimletea mtungi uliobaki robo, atauangalia tu, akugeuzie mgongo."

Sijawahi kusikia maelezo bora kuliko hayo, na nimefundishwa na maprofesa. Hebu niyaweke katika hesabu. Betri ya gari dogo aghalabu huhifadhi umeme wa ampea 35 hadi 45 kwa saa moja. Redio hunywa ampea moja au mbili. Simu moja ni chini ya ampea moja, lakini simu kumi kwa pamoja kupitia kile kidude hukaribia ampea kumi. Feni katika kasi ya kati inaweza kunywa ampea tano hadi kumi, na mifumo mingine ya gari inayoamka katika hatua ya pili huongeza ampea kadhaa. Jumlisha, msomaji, kisha gawanya. Saa tatu hazifiki kabla ya mtungi kukauka. Na stata huhitaji ampea mia moja au zaidi kwa mkupuo. Ndiyo maana redio iliendelea kuimba hata wakati gari lilikuwa limekwisha kushindwa kuwaka. Mwenye kikombe bado alipata la kuchota, ngamia hakupata.

Kisha fundi alinifafanulia kitufe. Katika magari mengi ya Kijapani, ukikanyaga breki hali gia iko kwenye P, taa ya kitufe hugeuka kijani. Ukibonyeza, injini inawaka. Usipokanyaga breki, taa hubaki ya rangi ya chungwa na hapo kitufe huhesabu. Bonyezo la kwanza hufungua hatua iitwayo ACC, yaani redio na soketi ya kuchajia. La pili hufungua hatua ya ON, ambapo dashibodi, feni na mifumo ya injini yote huamka ingawa injini yenyewe imelala. La tatu huzima. Magari mengi yakiachwa kwenye ACC hali gia iko kwenye P hujizima yenyewe baada ya muda, kama saa moja hivi au pungufu. Lakini katika magari mengi ya umri wa langu hatua ya pili haijizimi. Tena gia isipokuwa kwenye P, hata ile ya kwanza haijizimi. Vijana wangu wa feni walikuwa wameuvuka mlango wa mwisho wa usalama bila kujua.

Tukitazama historia tutaona kwamba jambo hili si la Waturkana peke yetu. Magari ya kwanza duniani yaliwashwa kwa hendeli, kazi iliyovunja mikono ya wengi, hadi Charles Kettering alipobuni stata ya umeme iliyotiwa katika magari ya Cadillac mwaka 1912. Kwa miongo iliyofuata magari mengi yaliwashwa kwa kitufe au kwa kanyagio. Mwaka 1949 kampuni ya Chrysler iliunganisha ufunguo na stata, mtu akawa anazungusha mkono mara moja. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Mercedes-Benz ilileta gari ambalo ufunguo wake hukaa mfukoni. Kwa hiyo kitufe si kigeni, kimerudi tu. Kilichotoweka ni ufunguo mkononi, na hapo ndipo penye tatizo.

Ufunguo wa zamani ulikuwa shahidi. Kila hatua yake ilikuwa na mlio wake, na mkono uliikumbuka. Ulipouchomoa ukautia mfukoni, ulijua kwa hakika kwamba gari limezimwa. Siku hizi rimoti hukaa mfukoni wakati wote, gari likiwa limelala, likiwa macho au likiwa njiani. Haithibitishi chochote. Nimesikia hata habari za dereva aliyeondoka na gari huku rimoti ikibaki kwa mwenyewe nyumbani. Injini haizimiki kwa sababu rimoti imebaki nyuma, lakini ukishaizima huko ulikofika, hutaiwasha tena.

Joto letu nalo huzidisha madhara. Betri huzeeka upesi mahali penye jua kama la Lodwar, kwani joto huharakisha mabadiliko ya kikemikali ndani yake. Betri ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache kisha kujazwa. Haikuundwa kunyonywa hadi tone la mwisho kama zile za sola. Kila unapoikausha unaipunguzia umri. Yangu haikumaliza miezi miwili baada ya usiku ule.

Nifanye nini, basi, mwenye gari la namna hii? Nitasema machache niliyofunzwa. Ukitaka kuchaji simu nyingi, fanya hivyo gari likiwa safarini, au washa injini mahali pa wazi. Kamwe usiiwashe ndani ya banda lililofungwa, kwani moshi wake huua bila harufu ya kutisha. Injini ikiwa imezimwa, tosheka na ACC kwa dakika chache na uache feni. Usimwache mtoto ndani ya gari ukitegemea feni hiyo, kwani ikikata, jua la Turkana halisubiri. Kabla ya kulala, hakikisha taa ya kitufe imezimika kabisa. Tazama kwa macho yako, usikisie.

Beba waya za kuazimia moto na ujue mpangilio wake: mwekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya betri nzima, mweusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma cha injini ya gari lililozimika, mbali na betri, kwa kuwa cheche karibu na betri inaweza kuwasha gesi inayotoka humo. Jua pia kwamba ndani ya rimoti kuna ufunguo mdogo wa chuma wa kufungulia mlango umeme unapokwisha, na kwamba betri ya rimoti yenyewe ikidhoofika, katika magari mengi unaigusisha kwenye kitufe kisha unawasha. Wenye magari ya haibridi nao wasijione wamesalimika kwa sababu wana betri kubwa. Betri ndogo ya volti 12 ndiyo huuamsha mfumo wote. Ikizimia, ile kubwa haina msaada.

Hayo ni ya mwenye gari. Yapo pia ya wengine. Wafanyabiashara wanaotuuzia magari haya wanajua vyema kwamba mnunuzi hasomi Kijapani. Je, ni gharama gani kuchapa ukurasa mmoja wa Kiswahili, wenye maneno mia tatu, ukatiwa ndani ya kila gari? Mtu anayenunua pakiti ya dawa ya mbuzi hupewa karatasi ya maelezo. Anayenunua mali ya mamia ya maelfu ya shilingi hupewa rimoti na tabasamu.

Shule za udereva nazo hazina budi kwenda na wakati. Wanafunzi wengi bado hujifunza katika magari ya ufunguo na klachi, wanapata leseni, kisha siku ya pili wanakabidhiwa gari la kitufe. Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi, NTSA, ingefanya jambo la busara kuhimiza kwamba somo la kitufe, rimoti na betri liwe sehemu ya mafunzo. Saa moja ingetosha.

Na wakuu wa kaunti na wa taifa wasifikiri kwamba suala hili ni la mafundi tu. Gari halingegeuzwa jenereta ya kijiji kama kijiji kingekuwa na mahali pa kuchajia simu. Jua tunalo, tena la kutupa. Vibao vichache vya sola kwenye shule ya msingi au zahanati vingewatosheleza watoto wale waliosimama mlangoni pangu na waya zao. Kuwaambia wasiombe umeme wa gari bila kuwapa mwingine ni kumkataza mwenye kiu asitazame kisima.

Mama mkwe wangu amepona. Kovu limebaki, na mvua zikikaribia mguu humsumbua. Kila ninapokwenda kuwaona, husubiri niegeshe, kisha humtuma shemeji aje na swali lilelile. Shemeji huja akijizuia kucheka.

"Mwalimu, mama anauliza, gari lako limelala kweli, au limefumba macho tu?"

Zamani ningemjibu nikiwa nimeketi kwenye mkeka. Siku hizi huinuka, nikarudi hadi garini, nikainama dirishani kukitazama kitufe, ndipo nikamjibu.